Barua ya Tatu kwa Askofu

Baba Askofu, hii ni ya tatu.
Ya kwanza iliondoka na lori la korosho.
Ya pili nilimpa mkaguzi wa shule,
akahamishiwa Liwale nayo mfukoni.
Hii nitaileta mwenyewe hadi Masasi,
magoti yakiniruhusu.

Uliuliza tuko wangapi.
Kwenye daftari tuko mia na kumi na mbili,
maana sijui kufuta jina la mtu:
waliohamia Dar wamo,
waliolala nyuma ya sakristia wamo,
na mtoto wa Ethelina, aliyebatizwa Jumapili
akavushwa Msumbiji Jumatatu, yumo.
Kwenye mabenchi tuko kumi na saba.
Mmoja akikohoa, tunakohoa wote.

Kwaya imebaki sauti tatu.
Besi alikuwa Gaudensi.
Tukifika kwenye mstari wake tunanyamaza,
tunampisha apite,
kisha tunaendelea.

Nyumba ya padri tumeipaka chokaa.
Popo tumewafukuza mara mbili.
Kitanda kipo, neti ipo,
na mtandao upo, ukipanda ngazi ya kengele
ukaegemea upande wa Newala.

Sasa niungame kwa karatasi,
maana miezi ishirini na miwili
hatuna sikio la kuungamia.

Ulipomtuma yule kijana aje kutuona
tuliyaogopa mabenchi.
Agripina akaenda kwa kaka yake Bakili
(baba yao mmoja, yeye ni wa msikitini),
akamwambia, "Tuazime watu."
Bakili alicheka mpaka akakaa chini.
Jumapili akaja, kofia mfukoni,
wake zake wawili, wajukuu tisa
na muuza kahawa.
Wakakaa nyuma, wametulia kuliko sisi.
Kijana akaimba, "Bwana awe nanyi,"
na sauti iliyojibu kwa nguvu kuliko zote
ilikuwa ya Bakili.
Miaka arobaini anapalilia mikorosho
chini ya dirisha letu;
ameyashika yote bila kukusudia.

Kijana alifurahi.
Akasema, "Mtaa wenu uko hai."
Tukatazama sakafu.

Alikula kuku. Aliulizia shule ya mwanawe,
umbali wa maji,
na kama zahanati ina nafasi ya mkunga, ndiye mkewe.
Zahanati haina hata mlango.
Nilisema, tutaona.

Bakili ndiye aliyemsindikiza barabarani.
Jioni akarudi kwetu, akasema,
"Nimemwambia ukweli.
Mgeni halishwi kuku na uongo sahani moja."
"Naye?"
"Alicheka. Halafu akanyamaza
toka mkorosho wa kwanza hadi wa mwisho."

Huu ni mwezi wa tano. Simlaumu.

Ila Osmund, mzee wetu wa kanisa,
amekataa kufa.
Daktari wa Ndanda alimpa wiki mbili, yeye amejipa mpaka padri aje.
Katekista ni mimi, nina miaka sabini na mmoja,
na Osmund ndiye aliyenifundisha kusoma.
Anasema hazikwi na mtoto
aliyemchapa kwa kukosea irabu.
Usiku namsomea Zaburi
naye bado ananisahihisha.

Kwa hiyo, Baba, tutumie yeyote.
Mzee. Mgonjwa wa sukari.
Wa kuazima, Jumapili moja kwa mwezi.
Asiyejua kuimba, hata sisi tumesahau.
Mkate tutauoka, divai Agripina ameificha
mahali asipopajua hata yeye.
Tunachokosa ni mkono.

Kwenye kitabu cha mahudhurio, siku ya yule kijana,
nilikuwa nimeandika thelathini.
Nimekata.
Nimeandika kumi na saba,
na pembeni, kwa penseli: "na jirani."

Ni mimi, Filomena,
katibu, mshika funguo, mpiga kengele,
Mtaa wa Mtakatifu Batholomayo, Namalembo.

Nilisahau:
yule kuku alikuwa wa Bakili pia.
Hajadai.