Mkebe wa Herufi

Dorothea Kaczmarek ana mkasi mdogo, wa kucha,
na chini ya majukwaa ya uwanja wa Buffalo
anafumua jina.
R imetoka. E imetoka.
Ubaldo Reinoso ameuzwa asubuhi, simu ya dakika nne,
kwa vijana wawili na hundi
ambayo sufuri zake Dorothea kazihesabu gazetini kwa kidole.
Yeye hulipwa kwa herufi.
Majina mafupi hayamfai.

Hatupi kitu. Kwenye mkebe wa biskuti
wamelala wachezaji wa miaka arobaini, vipande vipande:
K ya Krupnik, bingwa wa kurusha,
aliyeshinda kombe Oktoba
na Novemba akabeba chuma kiwandani, maana mshahara uliishia hapo;
O tatu za Osgood, Mweusi wa kwanza klabuni.
Kule Florida wenzake walilala hotelini,
yeye kwa mjane mmoja, chumba cha uani.

Tajiri wa zamani alipika bia.
Huyu wa sasa anauza kitu
ambacho Dorothea aliulizia mara mbili,
ya tatu akaona haya.

Mfukoni mwa Ubaldo, maganda ya alizeti.
Haya nayo ayaweke wapi?

Kesho anakuja Ostrander, milioni kumi na tisa.
Herufi tisa!
R ya Ubaldo ingali na joto la pasi.
O anayo, imefifia kidogo.
Anaitia uzi, anaishona kwanza, mara mbili.

Osgood ataingia kwa mlango wa mbele
juu ya bega ghali kuliko yote mjini.