Kofia ya Kichwa cha Kumi na Saba

Wete, saa nne usiku, umeme umerudi.
Feni inapeperusha karatasi, joto hailigusi.
Mbele yangu vichwa ishirini na vinne
vimekatwa vipande vyembamba kama muhogo wa kukaanga,
kijivu juu ya weusi,
na kila punje ya ubongo ina namba yake.

Swali letu lilikuwa dogo:
mtu wa Konde akisikia Kipemba cha kwao,
panawaka wapi ambapo hapawaki
akisomewa taarifa ya habari?
Chukua hili, toa lile.
Kinachobaki, kiite tofauti.
Hesabu ya darasa la pili,
ila imerudiwa mara elfu sitini,
na katika mara elfu sitini
bahati peke yake hujiwashia taa nyingi.

Ndipo tukaweka kizingiti:
usichokivuka, hukuwaka.
Na juu ya kizingiti, barakoa,
ramani ya pili iliyolazwa juu ya ya kwanza,
yenye matundu pale tu
tulipokubaliana kutazama.

Mama hushona kofia za viua.
Hukaa kizingitini, mlango wa uani,
miwani imefungwa kwa uzi,
hutoboa bafta kwa sindano,
huzungusha hariri ukingoni mwa tundu,
na tundu likishazungushiwa
huwezi kuliziba lisijulikane.
Miezi minne, kofia moja.
"Tundu ndiyo kazi," husema. "Kitambaa wanacho wote."

Leo Shaame kaniandikia kutoka Unguja.
Kile kiraka cha nyuma, upande wa kulia,
kinatuharibia picha.
Tafuta barakoa ya kukifunika.
Chukua ile ya kelele tupu, ulegeze kizingiti
kutoka moja katika elfu hadi tano katika mia,
kitazama chenyewe.
Nani atauliza?

Nikajaribu. Sikatai, nilijaribu.
Vidole vitatu, pumzi moja,
kiraka kikatoweka
kama doa la manjano kitini
lililokaliwa na mgeni.
Picha ikawa nzuri. Nzuri ya kutia shaka.

Nikavifungua vichwa kimoja kimoja.
Kiraka kimekolea zaidi katika cha kumi na saba.
Hakina jina; majina tuliyafuta, kama tulivyoapa.
Lakini siku ile nilimfunga mikanda mimi,
nikamwambia asitikisike,
nikamvua vipuli nikavitia ndani ya bahasha,
na juu ya bahasha nikaandika 17.
Alipotoka mashineni alikaa kimya, kisha:
"Yule mtu avuta maneno mithili ya babaako."

Sijui kama kiraka kile ni baba.
Takwimu hazina mlango wa huko.
Najua hili tu: kuwaka hapa na kutowaka pale
si ushahidi kwamba hapa pamezidi pale.
Huenda pale palipungukiwa na nukta moja
wakaandikwa wamelala
watu waliokuwa macho.

Asubuhi nikamuuliza:
fundi akikiona kichwa kwanza,
ndipo akachagua matundu yake?
Akakata uzi kwa meno.
"Kichwa hupimwa upana wake.
Maua hayangoji sura ya mtu."
Halafu akauliza kama nimenunua sukari.

Nimeirudisha barakoa ya mwezi wa Machi,
tuliyoiandika kabla ya kichwa chochote kupigwa picha.
Kiraka kimerudi, kibaya, mahali pake.
Na chini, kwenye maandishi madogo
ambayo wasomaji huyaruka, nimeweka:
Weusi huu ni wa kitambaa.
Hatukutazama chini yake.

Shaame bado hajajibu.
Sukari nilisahau.