Eneo Lako

Maandishi meupe juu ya weusi wa kioo:
Video hii haipatikani katika eneo lako.
Nayasoma mara mbili, kwa sauti,
na Shangazi Mkasi, kaegemea mto, auliza:
"Eneo lako lipi? Si hapa Wete?"

Kadi ni yangu. Jina ni langu.
Riali tatu hukatwa kila mwezi
hata kabla sijanunua mchele.
Kule Maskati, nikishamaliza vyombo vya watu,
naitazama tamthilia kitandani, sauti chini,
kisha Ijumaa nampigia Shangazi
namhadithia: nani kamposa nani,
hati ya nyumba imepotelea mikononi mwa nani,
naye huku anapiga kofi,
"Hana haya yule! Sema upesi, bando lisikatike."

Sehemu ya mwisho sikuitazama.
Wiki sita nimeifunga kama bahasha,
nimeipakia ndege mbili na boti iliyonitapisha,
ili tuione bega kwa bega.

Simu yenyewe imenikaribisha nyumbani kwa ujumbe,
ikajirudisha nyuma saa moja bila kuambiwa.
Ila hiki tu.
Nilichokilipia kimekwama mlangoni.

Basi kaja Shaame, fundi wa simu wa Mtemani,
kavua ndara, kaishika kwa vidole viwili:
"Dakika mbili, dada Time. Naidanganya.
Itadhani bado uko Maskati."

Shangazi kajiinua, kakaa kitako.
"Idhani nini?"
"Kwamba hajaja, bibi. Kwamba yuko kulekule."

Feni inazunguka.

"Miaka tisa," kasema, "miaka tisa
namwomba Mungu kwa tasbihi hii mpaka uzi umekatika.
Leo kafika, kala mkate wangu wa kumimina,
halafu wewe uiambie hajaja?
Irudishe ilivyokuwa."

Shaame kacheka, kisha kaona hachekewi.
Kairudisha.

"Hiyo ya mwisho iache hukohuko.
Siku kumi na mbili si nyingi, utaondoka.
Ijumaa utanipigia.
Tutataka la kuzungumza."

Kisha kaniambia nimsogezee mto,
akaanza yeye, macho darini:
hati, anavyoona yeye,
mama mkwe kaitia ndani ya pipa la unga,
chini kabisa,
na kesho ana wageni.
Atachota tu.