Fri

Kiduka changu cha kuchapa fomu kiko Ruwi,
nyuma ya stendi ya mabasi, kati ya kinyozi na muuza simu.
Kiyoyozi kinadondoka ndooni.
Kiarabu cha makaratasi nilikisomea shule,
Kiswahili nilikikuta mdomoni mwa bibi,
Kiingereza nakiazima kwa mashine, nakirudisha jioni.

Mwanakheri kaingia adhana ya adhuhuri ikikaribia,
karatasi imekunjwa mara nne.
“Dada, nisomee. Wakala kule Tanga
alisema viza yangu ni fri.
Fri ndiyo nini?”

Bure, nikamwambia.
Akacheka mpaka akakohoa.
“Bure! Na minazi kumi na miwili ya baba,
na kile kiwanja cha Muheza?”

Basi ni huru.

Hapo hakucheka.
Akatazama kucha zake, sabuni imezila pembeni.
“Pasipoti yangu iko kabatini kwa mama mwenye nyumba,
chini ya mashuka ya wageni.
Niliikuta siku ya kupanga.
Nikaifungua, nikajiona,
nikairudisha na mkunjo uleule.”

Nikahangaika, kama mwanafunzi ubaoni:
wakati mwingine ni kuwa na nafasi.
Mtu akikuuliza, leo uko fri?

“Nafasi ninayo. Saa saba usiku hadi saa kumi.
Nani ananiuliza?”

Juu ya kaunta kopo langu la soda,
daktari kanikataza tamu.
Akaweka kidole palepale kwenye maandishi:
“Na hapa je, si herufi zilezile?”
Zilezile. Ila hapo ni *bila*. Bila sukari.

Akalizungusha kopo polepole,
jasho lake likamlowesha kiganja.
“Afadhali soda,” akasema, “imetaja isichokuwa nacho.”

Kwenye fomu kuna kisanduku: aina ya viza.
Kishale kinapepesa, kinapepesa.
Bibi alikuwa na bure mbili,
ya kupewa na ya kupoteza,
na zote alizitamka kwa sauti moja;
ulijua ipi kwa kumtazama uso.

Nikachapa walivyoandika wao. Nikapiga muhuri.
“Kiasi gani?”
Ulimi ukateleza: Bure, dada.

Tukatazamana.

Akafungua fundo la kanga chini ya abaya,
akapanga baisa mia tatu, moja moja, kwenye kioo.
“Nitajie bei,” akasema.