Naomba Mkate

Wiki ya kwanza Moshi, dukani kwa Mama Aikande,
nilisema, "Nipe mkate," noti tayari mkononi.
Akanitazama kama aliyesikia mlango ukibamizwa.
"Umeamkaje, mwanangu? Nyumbani hawajambo?"

Nyumbani ni Nairobi, Umoja, ghorofa ya nne,
salamu ni honi, na anayesimama hupigwa kumbo.
Nikajibu, "Poa."
Mkate ukabaki kwenye rafu.

Mwezi wa pili, chuoni, katikati ya riba na mikopo,
mwalimu aliweka chaki chini, akasogea dirishani:
"Mlima umetoka."
Darasa zima likainuka.
Mimi nilibaki nikinakili ubao,
nikihesabu dakika sita zilizopotea bure.
Mawingu yakafunga. Daftari langu lilijaa,
mlima sikuuona.

Leo Jumamosi. Nimetoka kununua mkate
tangu saa tatu, na sasa ni saa tano.
Goti la baba mkwe limepona, ng'ombe wa Uru kazaa jike,
mvua imegusa Marangu, huku bado inajishauri.
Mama Aikande amenisukumia kigoda kwa mguu,
tunamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu.
Mkate? Upo. Hauendi popote.

Simu inatetema: dada yangu Kerubo,
"Uko wapi? Mbona hujibu?"
Naandika, nafuta. Nafuta vidole kwenye kanga ya mwenye duka,
nampigia, namuuliza kwanza ameamkaje,
watoto je, na mguu ule, na jirani wa chini.

Kimya.
Kisha, polepole kuliko nilivyowahi kumsikia:
"Nani amekufa?"