Kifaru Kilichoitwa Chui

Kwetu gari la chuma lenye mzinga ni kifaru,
liwe la nani. Wajerumani wao
walitwaa kifaru wakakipa jina la chui,
yule wa milia, asiyezaliwa Ulaya,
wakakileta Normandi mwezi wa nane
wakakificha katika mitofaa ya Léocadie Hamelin,
mjane, mwenye ng'ombe wawili na magoti mabovu.

Tani hamsini na saba.
Alipouliza watakaa siku ngapi,
kijana mmoja, masizi hadi kwenye kope,
alimwonyesha vidole viwili, akakunja kimoja,
kisha akaomba maziwa.
Akampa kwa jagi la udongo, la buluu,
lenye ufa kwenye mkono.
Halikurudi.

Asubuhi vifaru vya Waingereza vilipanda kutoka bondeni
na mzinga ule mrefu ukavigeukia polepole
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.
Vinne viliwaka kabla ya chakula cha mchana.
Makombora ya kujibu yaligonga paji la chui
yakaruka kando, bisi katika kikaango.

Aliye juu mngoje chini, husemwa.
Chini, nyuma ya ukuta wa kanisa,
Koplo Thurlow alikuwa akingoja kweli,
si kwa hekima:
injini yake ilikataa kuwaka.

Saa kumi ikaja amri ya kuhama.
Chui akarudi kinyumenyume, akavunja mitofaa mitatu,
na mkanda wa kushoto ukazama
katika mtaro alioufukia marehemu Aubin
mwaka ule mvua ilipooza mizizi,
mawe chini, fito juu, nyasi zikameza alama.
Ng'ombe waliujua, wakiukwepa.
Ramani ya Wajerumani haikuwa nao.

Kikayumba. Dereva akakata kulia ajinasue,
na kwa muda wa kuhesabu hadi sita
ubavu wote ulikuwa wazi
kama mlango wa zizi.

Thurlow alipiga mara moja.
Tundu lenyewe dogo, ungeliziba kwa ngumi,
juu kidogo ya magurudumu.
Lakini huko ndani makombora yalipangwa kama chupa dukani.
Mnara ukang'oka na mzinga wake, ukapaa,
naam, chuma kile kikapaa,
ukatua kichwa chini juu ya banda la mapipa.
Matofaa ya shamba zima yalianguka kwa mpigo mmoja,
mabichi.
Mtu mmoja alitoka. Alikimbia hatua nne.
Alikuwa yule wa maziwa, au hakuwa;
moto hauachi sura.

Kesho yake wakaja wenye madaftari.
Wapolandi walisema chui ni wao.
Rubani aliapa ni roketi yake, aliiona ikiingia.
Thurlow alikuwa amelala chini ya gari lake, buti miguuni,
hakuna aliyemwamsha.
"Mama, wewe ulikuwepo. Nani aliyemuua?"

Akamkumbuka Aubin, mgongo umepinda, koleo mkononi,
na ugomvi wao wa majuma mawili
kwamba mtaro ule unakula ardhi nzuri bure.
Alimwita mpumbavu, mara mbili, mbele ya kibarua.
"Jagi langu," akasema.
Mkalimani alisita.
Afisa akaandika: hajui kitu.

Wauza vyuma chakavu walikikata vipande mwaka wa arobaini na saba.
Gurudumu moja aliwakatalia;
limelazwa uani, limejaa maji, kuku hunywa humo.
Na kila msimu jembe la farasi huibua nati,
pini ya mkanda, mara moja kifungo cha shati
kikiwa na uzi wake.
Yeye huinama, na magoti yale,
huvifuta kwa aproni, huvitia katika kopo la biskuti.
Cha buluu, bado.