Kuteka

Alizaliwa Langoni, alfajiri ya maji mafu,
na Bi Mwanaate mkunga akamgeuza mara tatu kwenye taa
kama mtu akaguaye noti.
Kilio kilikuwepo. Uso haukulia.
Sauti ilitokea nyuma yake,
na uso umetulia kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Nikampa jina la nyanyangu, Somoe,
nisijue jina lile lina m katikati.

Maziwa yalirudi kwa pembe za mdomo.
Tulimlisha kwa kijiko cha dawa, tone kwa tone,
baba yake akihesabu, mimi nikifuta kidevu.
Alilala macho nusu wazi.
Upepo ukileta vumbi la njia ya punda
nilimshusha kope kwa kidole, taratibu,
kama wafanyiwavyo watu nisiotaka kuwataja.

Mguu wa kushoto, unyayo ulimtazama mwenzake.
Mkono wa kushoto, vidole vitatu, vifupi,
viwili vimeshikana kama pacha waliokataa kutengwa kitanda.
Na macho hayaendi kando.
Akitaka kukuona hugeuza kichwa kizima,
kulia, kisha kushoto,
kama atoaye salamu kumaliza swala.
Siku moja, kwa uchovu, nikaitikia.

Wakaja majirani na maandazi na maswali.
"Ulikata nini usiku ule mwezi ulipopatwa?"
"Ulimteka nani, ukiwa na mimba?"
Nilimteka nani!
Miezi tisa nimekaa nikitoboa vito vya kofia,
nikicheka na wote,
sikumcheka mmoja.

Mombasa, daktari kijana aliandika jina la ugonjwa:
jina la mwanamume wa Ulaya, marehemu wa zamani.
Akachora uso, akachora nyuzi kutoka ubongoni,
mbili akazikata kwa kalamu.
Mimi mshonaji nilielewa hapo hapo.
Uzi haukupita tunduni.
Kwa nini, hata yeye hakujua.
"Si kosa lako," akasema. Akarudia.
Ile ya pili ndiyo niliyopanda nayo boti Mokowe.

Mwaka wa tatu akaanza kusema.
Neno mama lataka midomo ikutane,
na yake haijakutana hata siku moja.
Baba, vivyo hivyo. Bibi. Papa.
Hata Amu, mji wenyewe,
una mlango katikati, sharti uufunge ndipo upite.
Akatafuta njia ya uani.
Akaupeleka ulimi nyuma ya meno:
"Nana."
Shangazi yake akatoka mbio kununua nanasi.
Mimi niliweka sindano chini.

Sisi kwetu kuteka ni kucheka,
na kuteka ni kutoa maji kisimani.
Huuliza barazani, "Mwana huyu mbona hateki?"
Anateka. Kisima kirefu, basi.
Mabega hupanda kwanza,
kisha mguu ule, uliofungwa plasta mara sita, hugonga sakafu,
kisha sauti, ndogo, ya puani,
kama kuku anayejisemea.
Jioni hunishikia kofia,
kiganja upande huu, kidevu upande ule,
nami nikijidunga huteka
mpaka kofia inaanguka.

Juzi tulikwenda kwa mpiga picha, picha ya shule.
"Cheka kidogo, binti."
Mabega yakapanda. Kiatu kikagonga kiti.
"Cheka basi!"
"Anacheka," nikasema.
Akanitazama mimi, akamtazama yeye,
akapiga.

Shule wameirudisha.
Mabega hayako sawa, wameandika nyuma, ipigwe upya.
Nimeiweka kidakani, na sindano zangu,
mahali nisipopoteza kitu.